Kumpiga na Kuwapiga: Kisasi katika Vita vya Kagera

Nilianza kutunga utenzi wa vita visivyokuwapo. Ni bunilizi ya kisayansi, ya aina ambayo malenga wa kwetu huionea haya kidogo: karne ya 23, vyombo kutoka sayari nyingine vinashuka juu ya Ziwa Viktoria usiku wa msimu wa senene, Bukoba inaungua kuanzia Nyamukazi hadi Hamugembe, na kijana mmoja aliyenusurika anajiandikisha jeshini kwa nia moja tu, amtafute aliyetoa amri. Beti sitini zilinijia kwa siku tisa, jambo ambalo halijawahi kunitokea. Nilihesabu mizani, nikakagua vina, nikaona viko sawa. Kisha askari wangu akafika katika sayari ya adui, akaufungua mlango wa nyumba ya kwanza, na utenzi ukanigomea.

Nilitaka kuandika kwamba amekuja kulipiza kisasi. Ndipo nikajiuliza: anamlipiza nani? Aliyetoa amri hayumo ndani ya nyumba ile. Nikaliweka daftari kando, nikafanya ambalo ningepaswa kulifanya kabla ya ubeti wa kwanza, yaani kurudi kwenye vita vilivyokuwapo kweli, katika ardhi hiyohiyo niliyoiteketeza kwa kalamu bila hata kuiomba radhi.

Lakini nianze na neno lenyewe, maana hapa ni barazani petu na neno ndilo mgeni wa kwanza kukaribishwa.

Kisasi tumelipata kutoka Kiarabu, *qisas*. Sikio la Mswahili liliposikia silabi ile ya kwanza likaichukua kuwa kiambishi cha ngeli, kama lilivyofanya kwa kitabu, na ndiyo sababu leo tuna visasi kama tulivyo na vitabu. Mzizi wa neno hilo huko lilikotoka una konsonanti tatu, q na s mbili nzito, na mzizi huo umetuzalia watoto wengine wawili ambao tunaishi nao kila siku bila kujua kwamba ni ndugu. Mmoja ni kisa, kwa maana ya hadithi. Mwingine ni mkasi. Katika Kiarabu mzizi huo hubeba maana ya kukata, na pia maana ya kufuata nyayo: anayesimulia hufuata nyayo za jambo, na anayedai damu hufuata nyayo za aliyeimwaga. Msimulizi na mlipiza kisasi, kwa hiyo, walianza safari katika njia moja.

Kuna jambo jingine ambalo Kiswahili chetu kimelisahau. Katika sheria ya Kiislamu *qisas* ni kipimo. Ni malipo ya sawa kwa sawa, kwa yule aliyetenda, na si zaidi ya alichotenda. Kwa maneno mengine, neno hilo liliwekwa ili kukizuia kisasi kisivuke mpaka. Sisi tukalitwaa, tukaliunganisha na kitenzi kulipa, kana kwamba damu ni deni la dukani, na baadaye tukaliongezea mnyambuliko ule wa nguvu: kulipiza. Sikiliza tofauti. Anayelipa hutoa kilicho chake. Anayelipiza humlazimisha mwenzake atoe. Katika mnyambuliko huo mdogo kipimo kimeshaanza kulegea.

Nilipotazama nyuma katika ushairi wetu niligundua kwamba bunilizi yangu haina ugeni wowote. Utendi mkongwe kuliko tendi zetu nyingi, Utendi wa Tambuka wa Mwengo wa Athumani wa Pate, ulioandikwa mwaka 1728 na wenye beti zaidi ya 1,000, ni hadithi ya kisasi cha kijeshi. Jaafari, binamu yake Mtume, ameuawa huko Muuta, na jeshi linaondoka Madina kwenda kumkabili Herekali, kaizari wa Rumi. Majemedari wanapambana mmoja mmoja, farasi wanaanguka, damu inatapakaa. Wanahistoria, hata hivyo, wanatuambia kwamba katika safari ya Tabuki ya mwaka 630 hapakutokea pigano lolote na Warumi. Jeshi lilifika, halikumkuta adui, likarudi. Malenga wa Pate alikuwa na kisasi kisicho na vita, akavibuni vita. Mimi nilikuwa na vita vya kubuni na nikakosa mtu wa kulipiziwa kisasi. Tunakaribiana zaidi kuliko nilivyodhani.

Hata kwa Wahaya, ambao ardhi yao niliiazima, jambo hili lina mizizi. Nanga yao, chombo cha nyuzi kinacholazwa mapajani, imebeba kwa vizazi vingi habari za mashujaa, wafalme na mapigano yao, na Profesa M. M. Mulokozi ametumia miaka mingi ya uhai wake kuzichunguza tungo hizo. Aliandika pia kuhusu mwimbaji Habibu Selemani, aliyefariki mwaka 1993, akimwita wa mwisho wa manju wale. Sina haja ya kurefusha. Anayetaka kujua shujaa wa kulipiza kisasi anavyoimbwa Kagera hana haja ya kusubiri karne ya 23.

Sasa vita vyenyewe.

Bukoba ni mji ambao umezoea kupigwa kutoka nje. Juni 1915 Waingereza walivuka ziwa kutoka upande wa Kenya, wakapigana siku mbili na Wajerumani waliokuwa wakiushika mji, wakauharibu mtambo wa simu ya upepo ambao ndio hasa uliowaleta, na askari wao wakapora walichokiona. Septemba 1972, baada ya wakimbizi wa Uganda kujaribu kumng'oa Idi Amin kwa kuvuka mpaka kutokea Tanzania, ndege za Amin zilikuja kuupiga mabomu mji huohuo. Mgogoro huo ukatulizwa kwa makubaliano ya Mogadishu mwezi uliofuata. Kwa hiyo ndege zilipotokea tena Oktoba 1978, wazee wa mji walizijua kwa mlio. Mabomu ya safari hiyo hayakubomoa mengi. Yalivunja vioo vya madirisha na kuwatoa watu majumbani. Nimesikia kutoka kwa zaidi ya mtu mmoja jinsi mahandaki yalivyochimbwa kati ya migomba, na jinsi watoto walivyoyapenda kama mahali pa kuchezea, hadi siku mlio uliporudi.

Oktoba 30 majeshi ya Uganda yalivuka mpaka kwa wingi na kuikalia ardhi yote iliyo kati ya mpaka na Mto Kagera, eneo la kilomita za mraba zipatazo 1,800. Novemba 1 Amin akatangaza kwamba ardhi hiyo sasa ni sehemu ya Uganda. Siku mbili baadaye Daraja la Kyaka likavunjwa. Walioweza kuvuka mto kabla ya hapo walishika njia ya kusini na vikapu vyao, wengine hadi Bukoba, wengine wakaenda mbali zaidi, hadi Muleba na kwingineko. Wasioweza walibaki ng'ambo. Raia waliouawa katika majuma yale hukadiriwa kuwa 1,500 hivi. Ng'ombe walichukuliwa kwa maelfu, kiwanda cha sukari kikaporwa, na hata leo ukipita Kyaka utaliona gofu la kanisa likiwa limesimama bila paa.

Novemba 2, 1978, Mwalimu Nyerere alilihutubia taifa. Hotuba ile imegeuka kuwa msemo, na kila Mtanzania wa rika fulani anaweza kukutajia mihimili yake mitatu: uwezo, sababu na nia. Wapenzi wa lugha wamezoea kuisifia kwa mizani yake, na ni kweli ina mizani. Ukiisikiliza redioni utadhani ni ubeti uliokosa vina tu. Neno moja ni la Kibantu, mawili ni ya Kiarabu, na la kisasi halimo. Mimi ninataka tusikilize kitu kidogo zaidi ya maneno hayo matatu. Kitenzi alichokitumia Mwalimu kilikuwa *kumpiga*.

Tazama kiambishi kile cha kati, -m-. Ni mtendwa wa nafsi ya tatu, umoja. Mtu mmoja. Sababu ya kumpiga, uwezo wa kumpiga, nia ya kumpiga. Hakusema *kuipiga* Uganda. Hakusema *kuwapiga* Waganda. Sidhani kwamba mtu aliyefasiri tamthilia za Shakespeare kwa Kiswahili alikiteua kiambishi hicho bila kukisikia. Katika konsonanti moja vita vyote vilielekezwa kwa mtu mmoja, na majirani zetu wakaachwa nje ya sentensi. Magazeti na redio vilifuata mkondo huo: adui akaitwa nduli, kwa umoja vilevile, na jina hilo likamganda Amin kiasi kwamba kwa watoto wa wakati ule nduli halikuwa nomino ya kawaida, lilikuwa sehemu ya jina lake. Amin mwenyewe aliupenda umoja huo kwa namna yake ya kikorofi. Alitoa rai kwamba yeye na Nyerere wamalize ugomvi ulingoni, kwa ndondi, Muhammad Ali akiwa mwamuzi.

Sarufi ya hotuba ilikuwa safi. Swali langu ni nini kiliipata ilipovuka mto.

Jeshi la Wananchi lilikua kwa majuma machache kutoka watu wasiofikia 40,000 hadi zaidi ya 100,000, na wengi walioongezwa walikuwa mgambo. Neno hilo nalo lina hadithi yake. Zamani mgambo ulikuwa mwito wa kuwakusanya watu, ndiyo maana mbiu yake ikilia kuna jambo. Vijana waliopita Bukoba mwezi ule kuelekea Kyaka walitoka kila pembe ya nchi, na wengi wao hawakuwahi kumwona Mhaya wala kuionja rubisi. Walipovuka mto mwezi Novemba na kuingia katika vijiji vilivyokaliwa, waliona yaliyofanywa huko: nyumba zilizoteketezwa, maiti ambazo hazikuzikwa, visima vilivyotiwa uchafu wa mauti. Hadi hapo, kwa askari wengi, Amin alikuwa sauti ya redioni. Sasa akawa kitu walichokikanyaga.

Nimezungumza na mzee mmoja wa Muleba aliyekuwa mgambo katika vita vile. Sitamtaja jina, na yeye mwenyewe aliniomba nisilitaje. Nilikwenda kwake na daftari langu la beti sitini, nikidhani nitamuuliza habari za silaha. Alinipa kahawa ya kutafuna, tukakaa chini ya mwembe wake, akanisikiliza nikimsomea beti chache za askari wangu wa karne ya 23. Alicheka mahali pa vifaru vinavyoruka. Kisha akanyamaza muda mrefu.

Dada yake alikuwa ameolewa ng'ambo ya mto, upande wa Kakunyu. Hakuvuka. Mzee, wakati ule kijana wa miaka 22, alijiandikisha katika juma lilelile habari ilipomfikia.

"Mwanangu, mimi nilikwenda kumtafuta Amin," aliniambia. "Usicheke. Nilidhani anakaa palepale Mutukula, kama mtemi anavyokaa katika mji wake. Nilijua nitamkuta."

Mutukula ilitwaliwa usiku wa Januari 21, 1979. Kwa mpango wa kijeshi sababu ilikuwa wazi: mizinga ya Uganda iliyokaa kwenye miinuko ile iliweza kuendelea kuipiga ardhi ya Tanzania, kwa hiyo miinuko ilipaswa kushikwa. Lakini kilichofuata hakikuwa katika mpango. Mji ulibomolewa hadi ukawa uwanja. Raia waliobaki waliuawa. Waandishi Tony Avirgan na Martha Honey, ambao walifuatana na jeshi la Tanzania na kuchapisha kitabu chao juu ya vita hivyo mwaka 1982, hawakulificha jambo hili, wala hawakulificha kwamba Mwalimu alipopata habari alishtuka na kutoa amri kwamba raia na mali zao wasiguswe. Jenerali David Msuguri, aliyekabidhiwa uongozi wa divisheni iliyosonga mbele, alibaki na jina la utani la mahali hapo, Jenerali Mutukula, na katika masikio yetu jina hilo lina fahari tupu. Sidhani lina sauti hiyohiyo ng'ambo ya mpaka.

Mzee hakunihadithia mapigano. Alinihadithia nyumba moja.

"Tuliingia asubuhi. Nilisukuma mlango, hapakuwa na mtu. Mafiga yalikuwa na moto, na sufuria ya ndizi ilikuwa juu yake, zimeiva. Zile ndizi zilipikwa kama anavyopika mama yangu, zimefunikwa kwa majani yaleyale. Nikaketi nikala. Nilikuwa na njaa, waitu. Nikala nikashiba. Kisha nikatoka nje nikaitia nyumba kiberiti."

Nilimuuliza kama alifanya hivyo kwa ajili ya dada yake. Alinitazama kama mtu anayetafuta neno, na Kiswahili chake ni kizuri kuliko changu.

"Ndivyo nilivyosema siku ile. Nilimwita jina, nikasema hii ni yako. Lakini nilikuwa nimeshakula chakula cha mwenye nyumba. Unaelewa? Kwetu ukishakula kwa mtu, ule si ugomvi tena."

Sikuandika chochote. Kalamu nilikuwa nayo mkononi.

Kati ya Januari na mwisho wa Februari amri ya Mwalimu ilikuwa imetolewa na inajulikana, na hata hivyo Masaka ilipoangukia mikononi mwa Watanzania Februari 24, na Mbarara siku iliyofuata, majengo ya miji ile miwili yalilipuliwa kwa baruti baada ya mapigano kumalizika. Ilikuwa fidia ya Kagera, ndivyo askari walivyosema. Ninapoitafakari Mbarara ninarudi kwenye maana ile ya kwanza ya *qisas*, ya sawa kwa sawa kwa aliyetenda. Wakazi wa Mbarara na Masaka walikuwa wameteseka chini ya Amin miaka minane. Wengi wao walikuwa wakiwasubiri Watanzania. Hakuna mizani, ya sheria wala ya ushairi, inayoweza kuyafanya maduka yao yawe deni la Kakunyu. Kiambishi kilikuwa kimegeuka: *kumpiga* ikawa *kuwapiga*, na hakuna aliyetoa hotuba kuitangaza sarufi hiyo mpya.

Msomaji wa haki ataniambia kwamba nimeyaona makosa ya upande mmoja. Hapana. Yaliyofanywa na jeshi la Amin ndani ya Kagera yalikuwa makubwa zaidi, yalitangulia, na yaliamriwa au kuachwa yatendeke na mtu ambaye aliishi kwa namna hiyo ndani ya nchi yake mwenyewe. Ningali naamini vita vile vilikuwa na sababu. Ninachosema ni kwamba sababu na kisasi ni vitu viwili, na vilisafiri katika lori moja.

Mwandishi wa Kimarekani Joe Haldeman, aliyejeruhiwa Vietnam, aliandika mwaka 1974 riwaya ya vita vya anga iitwayo *The Forever War*. Humo binadamu wanapigana na viumbe wa mbali kwa muda wa karne nyingi, na mwishowe inagundulika kwamba vita vilianza kwa sababu pande mbili hazikuwa na lugha ya kuelewana. Ni wazo zuri, na waandishi wengi wa bunilizi za kijeshi wamelirithi: adui ni yule usiyeisikia lugha yake. Kagera inalikanusha. Huko askari wa pande zote mbili walikuwa na Kiswahili. Amin aliingia King's African Rifles mwaka 1946; Msuguri alikuwa ameingia jeshi hilohilo mwaka 1942. Amri walizozisikia vijana hao gwarideni zilitoka katika chungu kimoja. Jeshi la Uganda liliendelea kuzungumza Kiswahili miaka yote ya Amin, na mwaka 1973 yeye ndiye aliyekitangaza kuwa lugha ya taifa huko. Afande alikuwa afande kando zote mbili za mto. Askari aliyeomba asiuawe Mutukula aliomba kwa lugha ambayo aliyeshika bunduki aliielewa neno kwa neno.

Kwa sisi tunaopenda kusema kwamba Kiswahili huunganisha, hili ni jambo la kukaa nalo. Liliacha alama. Waganda wengi walikichukia Kiswahili kwa sababu walikisikia kwanza kizuizini na kwenye vizuizi vya barabarani. Ndipo wakaja askari wengine wenye Kiswahili kingine, chepesi na cha adabu zaidi kwa walio wengi wao, na Waganda wakawaita *bakombozi*, neno letu wakombozi likiwa limevaa kanzu ya Kiganda. Lugha moja iliingia Uganda mara mbili, mara moja ikiwa na kiboko na mara ya pili ikiwa na shangwe, ingawa hata mara ya pili ilipitia Mutukula. Hata silaha zilibatizwa kwa Kiswahili: roketi za Tanzania, zile zilizopigwa kwa mfululizo kutoka mgongoni mwa lori, raia wa Uganda waliziita Saba Saba, jina ambalo kwetu lilikuwa la sikukuu.

Upande wa pili nao ulikuwa na kisasi chake kilichokosa shabaha. Machi 29, 1979, ndege ya Libya, iliyotumwa na Gaddafi kumsaidia rafiki yake, iliruka hadi Mwanza kuipiga ghala ya mafuta. Iliikosa. Roketi zikaangukia Kisiwa cha Saanane, hifadhi ya wanyama, na waliouawa ni swala na ndege wa porini. Nimejaribu kuliweka tukio hilo katika utenzi wangu nikashindwa. Kila ninapoliandika linasomeka kama kichekesho, na sina hakika kama halipaswi kuwa hivyo.

Kampala ilianguka Aprili 11. Juni 3 mapigano yakamalizika kwenye mpaka wa Sudani. Mwaka huohuo mkoa wetu, uliokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi, ukapewa jina la mto. Mwaka 1981 Henry Muhanika akachapisha Utenzi wa Vita vya Kagera na Anguko la Idi Amin Dada, na katika anwani hiyo utauona tena umoja ule: vita ni vya mahali, anguko ni la mtu mmoja. Ni anwani ya kweli. Lakini anguko si kukamatwa. Amin alikimbilia Libya, kisha Saudia, na akafia hospitalini Jeddah Agosti 16, 2003, akiwa mzee, mwenye familia kando yake. Mtu yule mmoja ambaye kiambishi kilimhusu ndiye pekee ambaye kisasi hakikumfikia.

Nilimuuliza mzee alikuwa wapi siku ile habari ilipotangazwa. Alikuwa shambani akipalilia. Mjukuu wake alikuja mbio kumwambia. Alisema alikwenda kumalizia mstari aliokuwa ameuanza, kisha akarudi nyumbani akamwomba mkewe asipike ndizi jioni hiyo.

Kaboya iko katika Wilaya ya Muleba, upande wa barabara itokayo Bukoba, na huko ndiko walikozikwa mamia ya askari wetu wa vita vile. Julai 25, 2013, Siku ya Mashujaa iliadhimishwa hapo kitaifa, Rais Kikwete akiwapo. Siku niliyokwenda mimi hapakuwa na bendi wala mgeni rasmi, ila makaburi katika mistari iliyonyooka kama beti, na mtu mmoja akifyeka nyasi. Nilikuwa nimedhani nitatoka na ubeti wa 61. Nilisoma majina: ya Wakurya, ya Wamakonde, ya Wanyamwezi, ya Wazanzibari. Wengi wao hawakuwa na dada Kakunyu. Walikuja kwa sababu waliitwa, na baadhi yao, sijui ni yupi katika mistari ile, walibeba kiberiti Mutukula, na wengine waliwazuia wenzao. Kaburi halitofautishi.

Niliporudi nilifuta beti tatu za mwisho na kuanza tena kwenye mlango ule. Askari wangu sasa anausukuma, anaingia, na juu ya moto kuna chungu. Sijui viumbe wa sayari ile wanakula nini. Mzee alinishauri nisijisumbue kubuni, niweke ndizi. Mizani minane inatosha kwa kuketi na kula. Ninachokitafuta ni kitenzi cha kipande cha nne, chenye kina cha -ya, kinachoweza kubeba kushiba na kuwasha moto kwa pamoja, na mpaka leo kila nilichokijaribu kina -m- ndani yake.

Malenga wenzangu wa Kagera, hasa mnaokisikia Kihaya na Kinyambo kwa undani kuliko mimi: kama mna neno la wazee kwa mtu aliyelipiza kwa asiyehusika, niandikieni. Na kama kuna mwenye nyimbo walizoimba watoto ndani ya mahandaki ya Bukoba mwezi ule wa senene, hizo nazo nazihitaji, maana wale watoto sasa wanakaribia miaka 60.